Droo ya Herufi N

Familia ya Kirundi yenye watoto wanne huwa na majina manne; baba ana la tano, mama ana la sita. Hakuna jina la ukoo linalowafunga pamoja kwenye karatasi. Mtoto akizaliwa hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo ni sentensi nzima. Nduwimana: mimi ni wa Mungu. Nzeyimana: namtumaini Mungu. Wengine huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Waha wa Kasulu na Kibondo hawahitaji kufafanuliwa hayo. Lugha yao na Kirundi ni ndugu wa karibu, na akina Bukuru na Butoyi wamo katika nyumba zao pia.

Jambo hilo, la kawaida kabisa nyumbani, lilikuja kuwa fumbo gumu mezani kwa makarani. Tangu Oktoba 1993, nyanda za juu za Kigoma zimekuwa mahali ambapo mama anamtafuta mtoto na kaka anamtafuta dada, kwa kadi, kwa orodha, kwa redio na kwa kompyuta. Historia ya katalogi husimuliwa kwa kawaida kupitia vitabu. Kitabu, hata hivyo, hukaa kwenye rafu kikisubiri. Huku kinachotafutwa kina miguu, kina hofu, na pengine nacho kinamtafuta yule anayekitafuta.

Katalogi yoyote, iwe ya vitabu au ya watu, ina ugumu mmoja: anayeandika leo hana budi kubahatisha neno ambalo mtu mwingine atakuja nalo kesho. Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere mnamo Desemba 1967, msomaji wa nyakati zile aliingia kwa droo za kadi: kadi za waandishi, kadi za vichwa vya vitabu, kadi za mada. Kanuni za ukutubi zilizotoka Uingereza na Marekani ziliamini kwamba kila mtu ana jina la ukoo mwishoni, na kwamba hilo ndilo linalopaswa kutangulia. Ndipo yakaja maswali. Shaaban Robert awekwe wapi? Robert ni jina la baba yake. Katalogi nyingine zimemweka chini ya R, nyingine chini ya S, na mwanafunzi aliyefungua droo moja tu aliweza kurudi nyumbani akiamini kwamba kitabu hakipo. Kwa kitabu, hasara ni jioni moja iliyopotea.

Kutafuta watu kwa kadi kulianza kwa upana wake Geneva, Agosti 1914. Ni mwaka uleule ambao reli ya kati ilifika Kigoma. Vita Kuu ilipozuka, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, chini ya Gustave Ador, ilianzisha wakala wa wafungwa wa vita, ukapewa nafasi katika jumba la makumbusho la Rath. Watu wapatao 1,200 walijitolea kufanya kazi humo, wengi wao wanawake. Nchi zilizopigana zilipeleka orodha za wafungwa waliokuwa mikononi mwao. Familia zilipeleka barua za kuuliza. Kila jina la orodha liliandikiwa kadi, na kila swali la familia likaandikiwa kadi, kisha za kila taifa zikapangwa katika mfululizo mmoja. Ufundi wote ulikuwa hapo. Kadi ya mtu aliyeonekana na kadi ya mtu aliyeulizwa zilipokutana ubavu kwa ubavu ndani ya droo, mtafutwa alikuwa amepatikana, na barua ilikwenda kwa mama yake. Kadi zilifika mamilioni, zikihusu watu zaidi ya milioni mbili.

Hata Geneva majina yalisumbua. Walikuwapo askari wengi wenye jina moja na herufi zilizokosewa na makarani wa lugha ngeni. Lakini jina la ukoo lilikuwapo, na mpangilio wa alfabeti ulilitegemea kama paa linavyotegemea nguzo.

Buha, nchi ya Waha, nako kulikuwa na kadi, ila za namna nyingine. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kwa kandarasi, na kuanzia 1944 shirika la wenye mashamba lililojulikana kama SILABU ndilo lililosimamia uandikishaji na safari zao. Waliitwa manamba, neno lililotokana na namba waliyopewa. Kazi ya siku ilipigwa alama kwenye kadi iliyoitwa kipande. Kwa bwana shamba mfumo huo ulitosha kabisa, kwa sababu swali lake lilikuwa dogo: mtu huyu amemaliza siku zake? Mke aliyebaki Kibondo alikuwa na swali jingine, na namba haikumsaidia, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa. Naliweka jambo hili hapa kwa makusudi. Namba humtambulisha mtu kwa aliyeitoa. Ndugu yake anamjua kwa mengine.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalisukuma Wahutu wengi kuvuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapeleka wengi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, lakini wengine walibaki Kigoma mjini wakiishi kati ya wenyeji. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, alieleza jinsi hawa wa mjini walivyoishi kwa kujichanganya: leo Muha, kesho Mwislamu wa mjini, mara nyingine asiyetaka kuulizwa ametoka wapi. Lugha iliwaruhusu, na majina yaliwaruhusu. Lilikuwa somo la mapema ambalo kila mtunza orodha angepaswa kulikumbuka, kwamba wako watu ambao usalama wao umo katika kutoonekana kwenye droo yoyote.

Kisha ukaja mwaka 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba, na katika wiki chache mamia ya maelfu ya Warundi walikuwa wameingia Tanzania, Kibondo na Kasulu zikiwa miongoni mwa wilaya zilizowapokea. Mwishoni mwa Aprili 1994, kaskazini zaidi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa ishirini na nne hivi. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwaleta Wabembe, Wafuliru na wengine wa Fizi na Uvira kupitia Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao wilayani Kasulu. Majina ya kambi yakawa majina ya kila siku: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago. Familia ziligawanyika njiani kwa namna nyepesi mno. Usiku mmoja wa risasi, njia panda moja, mtumbwi uliojaa; baba kushoto, watoto kulia.

Waliofika waliandikwa, na tatizo lilianza kwenye kuandika. Chukua jina Harerimana, maana yake ni kwamba Mungu ndiye mlezi. Kirundi hakitenganishi R na L kimaana kama Kiswahili kinavyofanya, na masikio ya makarani yalikuwa ya kila aina. Mtu mmoja aliweza kuwa Harerimana kwenye kadi ya rasheni, Harelimana kwenye orodha ya zahanati, Halelimana kwenye daftari la shule. Ciza alipoandikwa na karani wa Kitanzania akawa Chiza, Bucumi akawa Buchumi. Nshimirimana wa Burundi na Nshimiyimana wa Rwanda ni jina moja la shukrani katika lahaja mbili za mpakani. Kwa Wakongo palikuwa na jingine tena: mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni, hivyo mtu aliyezaliwa miaka iliyofuata aliweza kuwa na jina moja kwenye cheti na jingine kanisani, na ndugu zake wakamjua kwa lile la kanisani.

Wamarekani walikuwa wamebuni dawa ya tatizo linalofanana na hili. Robert Russell alipata hataza mwaka 1918 kwa mfumo uliokuja kuitwa Soundex, uliotumika baadaye kupanga faharasa za sensa ya nchi yao. Unabakiza herufi ya kwanza ya jina, unaacha irabu, kisha unageuza konsonanti kuwa tarakimu kwa makundi ya sauti zinazokaribiana, ili Smith na Smyth waangukie mahali pamoja. Nimeupima kwa majina ya huku. Harerimana anakuwa H665, Harelimana H645, Halelimana H445. Mtu mmoja, droo tatu. Sababu ni kwamba mfumo uliumbwa kwa sikio la Kiingereza, ambalo kwalo R na L ni sauti za mbali, zenye tarakimu tofauti. Nshimirimana anapata N256 na Nshimiyimana N255. Sikio la mtu wa Kibondo lingewaweka pamoja bila kufikiri.

Na ile herufi ya kwanza inayobakizwa nayo ni mtihani. Jina likiwa sentensi mara nyingi huanza na kiambishi cha mwenye kusema, ‘n’, yaani mimi, au na ‘ni’ ya kumtaja Mungu. Ndayishimiye, Ndikumana, Niyonzima, Nsengiyumva, Nzeyimana: droo ya N inafurika huku nyingine zikipumua. Ni sawa na kamusi ya Kiswahili ambayo ingeweka anasoma, analima na anacheka vyote chini ya A. Watunga kamusi zetu waliliona hilo zamani, wakaamua kwamba msomaji wa ‘anasoma’ atafute ‘soma’. Kwa majina ya watu hakuna aliyethubutu kufanya hivyo, na kwa haki, maana mtu hakatwi mzizi wala kiambishi. Ilibidi ipatikane njia nyingine ya kuingilia.

Njia hiyo ilikuwa swali la pili. Fomu za Msalaba Mwekundu ziliuliza jina, kisha jina la baba, jina la mama, mwaka na mahali pa kuzaliwa. Kwa Mrundi, mahali hapo maana yake ni kilima. Burundi huhesabu nchi yake kwa mikoa, tarafa na vilima, na mtu akiulizwa kwao hutaja kilima kabla ya mji. Minani peke yake ni umati. Minani, mwana wa fulani na fulani, wa kilima fulani katika tarafa fulani ya mkoa wa wakati huo wa Makamba au Ruyigi, alianza kuwa mtu mmoja. Vilima navyo hurudiana majina, Muyange iko zaidi ya moja, na upande wetu wa mpaka mambo hayako tofauti: iko Kabanga ya Kasulu na iko Kabanga ya Ngara. Ndiyo maana hakuna kipengele kimoja kilichotosha. Jina lililoandikwa vibaya liliokolewa na mama aliyeandikwa vizuri. Mama aliyesahauliwa aliokolewa na kilima.

Anayeuliza swali la pili lazima ajue nini cha kuuliza, na hapo wakimbizi wenyewe pamoja na wafanyakazi wa kujitolea waliozungumza lugha yao walikuwa na ujuzi ambao haukuwamo kwenye fomu yoyote. Walijua kwamba mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe, na kwamba jina la utani la sokoni laweza kuwa ndilo pekee majirani wanalolijua.

Kwa watoto hata swali la pili lilikwama. Baada ya 1994, katika eneo zima la Maziwa Makuu waliandikishwa watoto zaidi ya laki moja waliotengana na wazazi, kazi iliyobebwa na Msalaba Mwekundu, UNICEF, UNHCR, Save the Children na wengineo. Mtoto wa miaka mitatu akiulizwa mama yake anaitwa nani, hujibu: Mama. Ana ukweli wake. Basi muulizaji mzuri aliacha majina, akashika mambo ambayo mtoto anayashika. Maji mlichota wapi? Karibu na nyumbani palikuwa na nini? Kengele ya kanisa ilisikika? Baba alirudi na nini mkononi jioni? Nani alikubeba mgongoni? Majibu yaliandikwa, na ndani yake zilikuwamo habari ambazo mzazi angezitambua mara moja, hata kama hazikuwa na mahali katika mpangilio wa alfabeti.

Pia zilipigwa picha. Nyuso za watoto zilipangwa kwenye mbao na kwenye vitabu, wazazi wakapita mbele yake taratibu, uso kwa uso. Hii ni katalogi isiyotaka kusoma wala kuandika, na naiheshimu sana, ijapokuwa ina udhaifu unaouma: mtoto aliyepotea akiwa na miaka miwili, picha yake ya miaka minne ni ya mtu mwingine. Wapo waliotambua kovu kabla ya kutambua macho.

Redio ilipindua utaratibu mzima. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganishi cha familia, na sehemu kubwa ya shughuli yake ya mwanzo ilikuwa kusoma salamu za watu wanaotafutana. Mwaka uliofuata Radio Kwizera, yenye jina la matumaini, ilianzishwa Ngara na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Katika maktaba, mtafutaji huiendea droo. Redioni droo ilimwendea kila mtu kwa wakati mmoja, shambani, kisimani, kwenye foleni ya rasheni. Na kuna faida moja ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha: jina likisomwa kwa sauti, tahajia inakufa. R na L zinarudi kuwa sauti moja mdomoni mwa mtangazaji wa Kirundi, Ciza na Chiza wanakuwa mtu mmoja, na msikilizaji anasikia lile jina alilolisikia utotoni. Hata aliyekosa kipindi aliambiwa na jirani.

Barua za Msalaba Mwekundu zilikwenda polepole zaidi. Barua hiyo ni karatasi isiyofungwa, ya habari za familia tu: tuko wazima, bibi amefariki, mtoto amezaliwa, uko wapi? Siasa haikuruhusiwa, na karatasi ilisomwa kabla ya kusafiri, kwa ulinzi wa mwandikaji na mbebaji. Jibu liliandikwa nyuma yake. Ambayo haikumpata mwenyewe haikutupwa; jina lilibandikwa kwenye ubao, likaitwa mbele ya watu, na mara nyingi aliyeinua mkono hakuwa mwenye jina, alikuwa mtu wa kilima chake.

Kompyuta ziliingia baadaye. Kuanzia 2004 UNHCR ilisambaza programu yake ya uandikishaji iitwayo proGres, na kila mkimbizi akawa na namba isiyobadilika hata jina likiandikwa vingine. Kwa mgao wa chakula na kwa safari za kurejea makwao, zilizokwisha kuanza 2002, ulikuwa msaada wa kweli. Lakini ni namba ya mwenye daftari, kama kipande cha mkonge kilivyokuwa cha bwana shamba. Mama anajua kovu la goti, hajui namba. Vijana wawili ndugu kutoka Denmark, Christopher na David Mikkelsen, waliligusa jambo hili walipoanzisha Refugees United mwaka 2008. Huduma yao, iliyoenea kwa simu za kawaida katika Kenya, Uganda na Kongo, ilimruhusu mtu kujiandika kwa jina la utani, kwa kovu, kwa jambo ambalo ndugu wa kweli peke yake angelitambua, bila kuweka jina lake mahali ambapo adui angelisoma.

Mwaka 2015 mambo yalijirudia. Aprili, Pierre Nkurunziza alitangazwa mgombea kwa muhula wa tatu, na Warundi wakaanza kuvuka tena. Makumi ya maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawakuta hapo, na MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawabeba kwenda Kigoma. Nyarugusu ilijaa. Nduta ilifunguliwa upya Oktoba, Mtendeli Januari 2016. Hii ya pili ilifungwa tena Desemba 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Safari hii Msalaba Mwekundu uliweka huduma ya kupiga simu bure kambini. Kutafuta kukawa, kwa wengi, suala la kukumbuka tarakimu za simu kwa moyo. Simu iliyoangukia ziwani ilikwenda na orodha nzima ya jamaa, na aliyezoea kubonyeza jina hakuwa amewahi kuishika namba kichwani. Wa namna hiyo walirudi kwenye fomu: jina, baba, mama, kilima.

Zile kadi za Geneva za 1914 ziliwekwa kwenye intaneti mwaka 2014. Anayetaka kumtafuta babu yake huchagua taifa, kisha sehemu ya alfabeti, halafu hupekua picha za kadi moja baada ya nyingine, kama walivyofanya wale wanawake wa jumba la Rath kwa vidole vyao, akisoma tahajia zote zinazokaribiana kwa sababu hakuna ajuaye karani wa siku ile alisikia nini.

Na kambini, mwenye orodha mkononi husoma vivyo hivyo, kwa mdomo. Harerimana. Harelimana. Halelimana. Kisha jina la baba, jina la mama, jina la kilima. Watu hutulia. Kutoka nyuma sauti ya mwanamke huuliza irudiwe sehemu ya mwisho, naye husoma tena, polepole. Kilima ndicho, mwanamke anasema. Mama siye.